Picha ya Hukumu Iliyofichwa na Majivu

Katika mji wa Prague, nchi ya Cheki, juu ya kilima kiutazamacho mto Vltava, limesimama kanisa kuu la Mtakatifu Vitus. Upande wake wa kusini pana mlango wa matao matatu uitwao Mlango wa Dhahabu. Hapo ndipo walipopita wafalme wa Bohemia siku ya kutawazwa kwao. Juu ya matao hayo imewekwa picha ya Hukumu ya Mwisho. Si picha iliyopakwa kwa rangi na brashi; ni mozaiki, yaani picha iliyotungwa kwa vipande vidogo vidogo vya kioo na vya mawe, kila kimoja kikipachikwa kwa mkono katika chokaa mbichi. Vipande vyake vyapata milioni moja, na picha nzima ina ukubwa wa meta za mraba 84 hivi. Darasa zima la shule zetu laweza kulala ndani yake, na nafasi ikabaki.

Aliyeagiza kazi hiyo ni Kaisari Charles IV, mfalme wa Bohemia. Alikuwa amesafiri Italia, ambako makanisa mengi yamevikwa mozaiki, akataka na mji wake uwe na kitu cha namna hiyo. Picha ilitengenezwa mwaka 1370 na 1371. Katikati yuko Kristo katika utukufu, amezungukwa na malaika. Chini yake wamepiga magoti watakatifu walinzi wa Bohemia: Prokop, Sigismund, Vitus, Wenceslas, Ludmila na Adalbert. Chini zaidi, pembeni mwa tao, yuko Kaisari mwenyewe, na ng'ambo ya pili mkewe Elizabeth wa Pomerania, nao wanasali. Upande wa kushoto wa mtazamaji wafu wanatoka makaburini. Upande wa kulia waliolaaniwa wanaburutwa na mashetani kwenda motoni. Mtu asiyejua kusoma hata herufi moja angeweza kusimama uwanjani na kusoma katekisimu yote ya mambo ya mwisho.

Sasa, msomaji mpenzi, fikiri jambo hili. Picha hiyo iliyotengenezwa ili kila mpita njia aione, kwa sehemu kubwa ya maisha yake haikuonekana. Kristo, malaika, wafu na mashetani, wote walifunikwa na utando mgumu wa rangi ya kijivu, kama ukoga ushikao ndani ya sufuria ya kuchemshia maji. Mgeni aliyeinua macho aliona ukuta uliochujuka tu. Mara kwa mara mafundi walipanda na kuisugua. Rangi zilitokea, watu wakafurahi, na baada ya miaka michache utando ukarudi kana kwamba hakuna aliyefanya kazi. Mwaka 1890 hali yake ilikuwa mbaya hata wakaibandua ukutani vipande vipande. Ilirudishwa mahali pake mwaka 1910. Hata hapo ugonjwa haukupona, kwa maana ugonjwa haukuwa katika ukuta. Ulikuwa ndani ya kioo chenyewe.

Kioo kilichopikwa kwa majivu

Ili kuelewa ugonjwa huo hatuhitaji kwenda mbali. Wengi wetu tuliwaona bibi zetu wakichoma majani ya bwawani, wakayatia majivu katika chungu chenye matundu, wakamimina maji juu yake. Maji yaliyochuruzika chini waliyachemsha hata yakakauka, na chumvi ikabaki. Wengine walitumia maji ya majivu kwa kupikia sabuni. Yaani majivu yana kitu ndani yake ambacho maji hukipenda na kukichukua.

Basi, kioo hupikwa kwa mchanga. Walakini mchanga peke yake wataka moto mkali mno, na tanuru za zamani hazikuweza kuufikia. Kwa hiyo mafundi walichanganya mchanga na majivu, ambayo huufanya uyeyuke upesi, wakatia na chokaa kidogo. Watu wa Italia walitumia majivu ya mimea iotayo kando ya bahari, yenye sodi nyingi. Watu wa Bohemia hawana bahari, wana misitu. Walichoma miti yao, na majivu ya miti ya bara yana potasi nyingi badala ya sodi. Kioo cha namna hiyo hung'aa vizuri sana siku kinapotoka tanuruni, lakini hakishiki sawasawa. Mvua ikikinyeshea, maji huichukua ile potasi iliyo ndani yake, kama vile bibi zetu walivyoichuja chungu chao. Tena maji hayo, yakiisha kuijaza potasi, huwa makali kama maji ya sabuni, nayo huendelea kukila kioo. Potasi na chokaa zilizotoka nje hukutana na hewa na moshi, zikawa chumvi nyeupe, na chumvi hiyo ndiyo utando ule wa kijivu.

Kwa hiyo mafundi wa Charles IV walifuata mfano wa Italia kwa picha, lakini kioo kilikuwa cha kwao. Hatuwalaumu. Hakuna aliyejua wakati ule. Mozaiki nyingi za Italia zilizo za kale kuliko hii zaonekana vizuri mpaka leo, na za Prague zilianza kufifia mapema, kwa sababu tu ya jivu lililotiwa tanuruni.

Kisha ukaja moshi wa makaa ya mawe. Katika karne ya 20, na hasa katika miaka ya 1970 na 1980, mji wa Prague na nchi yote ile walichoma makaa mengi yenye kiberiti ndani yake. Moshi wa kiberiti ukichanganyika na unyevu huwa asidi. Kioo kilichokuwa kinaliwa polepole sasa kililiwa kwa haraka.

Sanamu isiyo na uso

Jiwe nalo lina adui yule yule. Kuna picha mbili za kamera zilizo mashuhuri sana kati ya watu wa kazi hii. Zaonyesha sanamu moja ya mawe katika jumba la Herten, katika nchi ya Westphalia ya Ujerumani, iliyochongwa mnamo mwaka 1702. Picha ya kwanza ilipigwa mwaka 1908: sanamu ina rangi nyeusi kidogo, lakini uso upo, mikono ipo, mikunjo ya nguo yahesabika. Ya pili ilipigwa mwaka 1969, na pale penye uso pamebaki donge tu. Miaka 200 ya mvua na barafu haikuweza kufanya yale yaliyofanywa na miaka 60 ya moshi wa viwanda na wa mashimo ya makaa ya mawe yaliyo jirani.

Namna yenyewe ni hii. Mawe mengi ya kuchongea sanamu yana chokaa ndani yake, maana ndiyo laini chini ya patasi. Asidi ya kiberiti ikigusa chokaa huigeuza kuwa jasi. Mahali palipofichika na mvua, jasi hunasa masizi na kuwa gamba jeusi. Gamba hilo hupasuka siku moja na kuanguka pamoja na pua, au kidole, au sikio la mtakatifu. Mahali pa wazi, mvua huiyeyusha jasi na kuipeleka, na kila mwaka sanamu hupungua unene wa karatasi.

Walakini si moshi peke yake uharibuo. Watu pia huharibu, na mara nyingi ni wale wanaopenda. Nasi tusijifiche: tulikuwa miongoni mwao.

Katika misioni moja tuliyosomea palikuwa na pango la Bikira Maria, na ndani yake sanamu ya jiwe jeupe laini iliyoletwa kwa meli na garimoshi. Kila mwaka, siku chache kabla ya tarehe 15 Agosti, sisi wanafunzi tulipewa kazi ya kuisafisha. Tulichota mchanga mtoni, tukaleta brashi za waya, tukasugua kwa zamu tukiimba, hata ukungu wa kijani ukatoka wote na sanamu ikang'aa kama siku ya kwanza. Tulisifiwa, tukapewa njugu. Hakuna aliyetazama chini, ambako maji ya kusafishia yalikuwa meupe kama maziwa. Weupe ule ulikuwa jiwe. Tuliporudi baada ya miaka mingi, tukiwa sasa walimu, Mama wa Mungu alikuwa hana macho wala kinywa. Hakukuwa na kiwanda karibu, wala moshi. Misioni ile iko porini.

Hapo tulikuta pia mashauri ya kuitengeneza. Mmoja alitaka kujaza uso kwa simenti. Mwingine alishauri rangi ya mafuta, nyeupe na ya samawati, ili ipendeze. Mashauri hayo yote mawili ni ya upendo, na yote mawili ni mabaya kuliko mchanga wetu. Simenti ni ngumu kuliko jiwe lile na hairuhusu maji kupita. Tena ina chumvi zinazoingia katika jiwe laini na kulivunja. Rangi ya mafuta hufunga uso wa jiwe kama mfuko. Maji hupanda kutoka ardhini, au huingia kwa nyuma, yakakosa njia ya kutokea, na rangi ikibanduka hubanduka na jiwe. Tena ikiwa sanamu yenyewe ni ya simenti yenye vyuma ndani, kama zilivyo sanamu nyingi za misioni, lazima kutazama nyufa mapema: chuma kikishika kutu huvimba, na kitu kinachovimba ndani ya simenti hakikosi kuipasua.

Miaka kumi ya kazi Prague

Turudi kwenye Mlango wa Dhahabu. Mwaka 1992 ofisi ya Rais katika Ngome ya Prague ilipatana na Taasisi ya Getty ya huko Los Angeles, Marekani, ishughulikayo na uhifadhi wa vitu vya kale. Waliahidiana kutafuta dawa ya kudumu. Kazi yote iliwachukua karibu miaka kumi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo hawakuigusa picha. Jambo hilo latupendeza kuliko mengine yote. Mtu aliyezoea kazi za haraka angeuliza: fedha zaenda wapi, na mbona ngazi hazijasimamishwa?

Walikuwa wanasoma ugonjwa. Walipiga picha kila sehemu, wakachora ramani ya kila ufa, wakachukua chembe za kioo na kuzipima. Kisha katika maabara walipika kioo kipya chenye ubovu ule ule wa kioo cha kale, wakakitesa: wakakitia katika joto, unyevu na moshi, ili miaka mingi ya mateso ipite katika muda mfupi. Juu ya vioo hivyo walijaribu dawa za kupaka za aina nyingi. Dawa nyingine ziligeuka manjano, nyingine zilipasuka, nyingine zilishika vizuri lakini haziondoki tena. Hizo za mwisho pia zilikataliwa. Dawa isiyoweza kuondolewa ni hatari, kwa kuwa ikikosea hakuna atakayeweza kusahihisha.

Iliyochaguliwa mwishoni haikuwa dawa moja, bali tabaka kadhaa. Tabaka la chini, lililotengenezwa kwa ujuzi wa wanakemia wa Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, lina asili inayokaribiana na kioo chenyewe, hivyo hushikana nacho. Juu yake hupakwa tabaka la aina ya plastiki ambayo maji hayalipendi. Lile la juu limewekwa ili lichakae badala ya kioo. Likichakaa hutolewa, na jingine hupakwa.

Ndipo walipopanda. Kuondoa utando hawakutumia brashi ya waya wala asidi. Walitumia hewa ya shinikizo iliyobeba punje za kioo ndogo mno, ndogo kuliko unga, wakazielekeza kwa bomba jembamba kama kalamu juu ya kila kipande. Punje hizo huvunja gamba, na fundi huacha mara aonapo kioo kizima. Hesabu mwenyewe: vipande milioni moja. Palipokuwa pamepoteza dhahabu, waliweka dhahabu mpya nyembamba kati ya tabaka, hivyo yaweza kuondolewa siku moja bila kugusa kazi ya mwaka 1371. Mwaka 2000 kazi ya ukutani ilimalizika, na watu wa Prague waliinua macho wakamwona Kaisari wao amepiga magoti.

Wataalamu wawili walioiongoza, Francesca Piqué na Dusan Stulik, walikusanya habari zote katika kitabu kilichotoka mwaka 2004. Twaitaja hiyo kwa sababu mafundi wa zamani waliosugua picha ile hawakutuachia maandiko ya kutosha, na waliokuja baada yao ilibidi wabahatishe. Anayeandika alichofanya, na hata alichokosea, amemsaidia mwenzake ambaye hajazaliwa bado.

Chokaa na maziwa

Msomaji atasema: hayo ni mambo ya watu wenye maabara na fedha. Ni kweli. Kwa hiyo tumtolee mfano mwingine, wa kanisa kuu la Wells katika Uingereza. Lilijengwa katika zama za kati, na leo ni la Waanglikana. Upande wake wa magharibi una ukuta wa sanamu uliochongwa katika karne ya 13: mitume, malaika, wafalme, maaskofu, na wafu wanaofufuka. Zilizobaki ni karibu 300. Mwaka 1974 ilianza kazi ya kuziokoa, nayo iliendelea mpaka mwaka 1986. Mwanzilishi wa njia iliyotumika ni Robert Baker, na dawa yake kubwa ilikuwa chokaa.

Kwanza mafundi walifunika sanamu kwa chokaa nzito yenye moto, wakaifunga kwa magunia na kuitunza na unyevu kwa muda wa majuma. Walipoibandua, uchafu ulikuwa umelainika, wakautoa polepole kwa vifaa vidogo. Kisha walinyunyiza maji ya chokaa, mara 40 hivi, ili kulipa jiwe nguvu. Nyufa walizijaza kwa chokaa iliyochanganywa na unga wa jiwe lile lile, laini kuliko jiwe, ili likija jambo la kuvunjika livunjike jazo wala si sanamu. Mwisho waliivika kila sanamu koti jembamba la chokaa, unga wa jiwe na kazeini, yaani kile kitu cha maziwa kinachogandisha jibini. Mvua ya asidi ikija hula koti kwanza.

Wataalamu wengine walipopima baadaye waliona kwamba maji yale ya chokaa hayakupenya ndani sana kama ilivyodhaniwa. Twaona yafaa kusema hivyo wazi, kwa maana njia ikisifiwa kupita kiasi huharibu jina lake. Lakini koti lenyewe hakuna anayelidharau, wala mikono ile yenye subira. Na chokaa, msomaji, si kitu cha Ulaya peke yake.

Palikuwa pia na jambo gumu huko Wells. Juu kabisa ya ukuta palikuwa na Kristo katika utukufu, naye alikuwa ameliwa hata hakubaki umbo la kutazamwa. Je, wamwache hivyo, au wachonge mwingine? Mwaka 1985 waliweka sanamu mpya, kazi ya mchongaji David Wynne. Wengine walifurahi kuona Hakimu amerudi juu ya watakatifu wake. Wengine walisema kitu cha juzi kimewekwa juu ya kazi ya karne ya 13. Huko Athens walichagua njia nyingine: mwaka 1979 wale wanawake wa mawe waliobeba paa la hekalu la Erechtheion kwa vichwa vyao waliondolewa na kuwekwa ndani ya nyumba ya makumbusho, na nje wakasimamishwa wa kuiga. Venezia nao waliwaingiza ndani farasi wanne wa shaba wa kanisa la Mtakatifu Marko, na wanaoonekana nje leo ni nakala.

Sisi hatuwezi kuamua kwa wote. Farasi ndani ya nyumba bado ni farasi. Lakini picha ya Hukumu ya Mwisho iliyowekwa juu ya mlango ili mfalme apitaye chini yake akumbuke kwamba naye atahukumiwa, ikiondolewa mlangoni, yamwambia nani? Kwa hiyo twawasifu watu wa Prague kwa kuiacha palepale, ingawa kwa kufanya hivyo wamejitwika kazi isiyokwisha. Kila baada ya muda lazima mtu apande, atazame tabaka la juu kwa kioo cha kukuzia, aguse, alinganishe na picha za awali, na kupaka upya panapohitajika.

Na sanamu yetu ya pangoni? Haikujazwa simenti, wala haikupakwa rangi. Mzee mmoja wa parokia, mwashi wa kazi, aliijengea kipaa cha mabati chenye mfereji, akachimba mtaro nyuma ya pango ili maji ya kilima yasiishike miguuni. Ukungu huondolewa kwa maji matupu na brashi ya nywele laini, mara moja kwa mwaka, na walio na zamu hufundishwa kwanza kutazama maji: yakianza kuwa meupe, waache. Kila tarehe 14 Agosti mwanafunzi mmoja huipiga picha, akisimama juu ya jiwe lile lile lililotiwa alama, na picha huwekwa katika bahasha pamoja na zile za miaka iliyopita.

Mpaka sasa zimo saba. Tulizitandika mezani juzi, tukazilinganisha kuanzia ya kwanza hata ya mwisho. Mkono wa kulia una vidole vinne katika zote.